Gari ya chini kwenye matuta: unapita moja kwa moja au unaingia kwa upande?

#1 Mwana Goba
Wakuu, habari za majukumu.

Nina Toyota 86 ya 2013, manuali. Gari naipenda, sina mpango wa kuiuza. Shida yangu ni matuta. Toka lami kubwa hadi nyumbani ni tuta juu ya tuta, na kila moja lina umbo lake. Siku zote nayapita kwa upande: tairi la mbele kushoto linatangulia, la kulia linafuata, halafu ya nyuma hivyo hivyo. Juzi fundi mmoja kaniambia niache, eti nitapinda bodi na kumaliza bushi (zile mpira za viungo vya chini), bora niyapite moja kwa moja taratibu. Nikafuata. Tuta la kwanza tu gari imekwangua katikati, mlio wa chuma kwenye zege nimeusikia mpaka moyoni.

Msimamo wangu: gari ya chini inapita kwa upande, basi. Anayesema inapinda bodi aje na maelezo yanayoeleweka. Wenye Altezza, Fairlady, RX-8, Celica na Subaru zilizoshushwa, nyie mnapitaje?

#2 Altezza Nyeusi
Uzi wangu huu. Nakaa mbele kabisa.

#3 Spana 14
Mkuu, huyo fundi ana hoja. Ukiingia kwa upande uzito unahama, tairi moja linabeba mzigo, la upande wa pili linaning'inia. Stabilaiza linki, vile vijiti vya kuzuia gari isilale kwenye kona, zinavutwa, na bushi za lowa amu, mikono ya chini inayoshika tairi, zinajikunja. Gereji kwangu magari yanayopitishwa hivyo kila siku yanakuja yanagonga "tok tok" mbele, na ukishika linki kwa mkono unakuta mpira umeshachanika. Pita moja kwa moja, mwendo wa mtu anayetembea.

#4 Dada Mwendo
Spana 14, kwa heshima yote, linki ni kitu cha kubadilisha. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, ikipasuka je? Ekzozi ikivunjika kwenye mabano? Mimi naona bora nibadilishe linki kila baada ya muda kuliko kuburuza tumbo.

Na hili la bodi kupinda silikubali. Hiyo 86 imeundwa ichukue kona kali kwa mwendo mkubwa, leo tuta la mtaani kwa spidi ya kutambaa ndilo liipinde? Labda kama iliwahi kupata ajali ikanyooshwa vibaya.

#5 Spana 14
Dada Mwendo, za kunyooshwa ndizo nyingi mjini. Hapo umenisaidia kujibu.

#6 Kirikuu Mweupe
Mnazunguka sana. Mkifika kwenye tuta msitambae. Ingia na 40 au 50, gari inaruka juu juu, springi hazipati hata muda wa kulala. Nawaona wa daladala wanapita hivyo kila siku.

#7 Mhandisi Mchanga
Tuweke vipimo mezani, maana kila mtu anaongelea tuta lake.

Tuta la duara linalofundishwa kwenye vitabu lilitokana na majaribio ya maabara ya barabara ya Uingereza miaka ya 1970. Urefu wake kufuata njia ni mita 3.7, kimo sentimita 10. Sasa chukua 86. Toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,570. Tumbo likiwa juu ya kilele cha tuta hilo, tairi zote nne bado ziko kwenye mabega ya tuta, zimeinuliwa kama sentimita 5 hivi. Kwa hiyo tumbo linahitaji uwazi wa sentimita 5 tu, na gari hiyo kiwandani inatoka na sentimita 13. Unapita moja kwa moja huku unasikiliza redio. Hata Mark X yenye milimita 2,850 kati ya ekseli inahitaji kama sentimita 6.

Kwa hiyo Mwana Goba, lililokukwangua siyo tuta la vipimo hivyo. Chukua futi ukalipime, tuendelee.

#8 Tanga Raha
Nimependa hapo pa redio 😂

#9 Mwana Goba
Mhandisi, nimelipima leo asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Toka linapoanzia hadi linapoishia ni mita 1.2. Kimo, nimevuta kamba toka upande hadi upande nikapima katikati: sentimita 14. Kilele kina michirizi mingi ya kukwanguliwa, na katikati kuna shimo dogo lenye rangi ya mafuta. Kuna mwenzetu kaacha oili pale.

#10 Mhandisi Mchanga
Umejijibu, mkuu. Mita 1.2 ni fupi kuliko nafasi iliyo kati ya tairi zako za mbele na za nyuma. Tumbo likifika kileleni tairi zote ziko chini kwenye lami, hakuna kilichoinua gari. Unahitaji sentimita 14, unazo 13. Ukipita moja kwa moja, hata utambae vipi, utagusa.

Kwa upande ni hadithi nyingine. Ukilikata tuta hilo kwa pembe ya nyuzi 40 hivi, kuna muda tairi mbili za mshazari, mfano mbele kulia na nyuma kushoto, zinakuwa juu ya tuta kwa pamoja, na tumbo linapita likiwa limenyanyuliwa sentimita kama 4. Springi zitakula sehemu ya hizo, lakini unabaki na faida. Ila pembe ndogo ya nyuzi 15 au 20, ile wengi wanayofanya kwa kukata usukani kidogo tu, tumboni haisaidii kitu. Inasaidia bampa la mbele peke yake.

#11 Dada Mwendo
Asante Mhandisi. Spana 14 uko wapi?

#12 Spana 14
Nipo, dada. Nyuzi 40 kwenye barabara ya mtaa maana yake unafunga njia zote mbili. Bodaboda anakuja kwa mbele, bajaji iko nyuma inapiga honi, wewe umelala katikati ya barabara kimshazari. Siyo kila mahali panakubali. Halafu hesabu zake hazijagusa linki zangu.

#13 Shemeji wa Kimara
Kirikuu Mweupe #6, ushauri wako utamvunjia mtu injini. Binamu yangu alikuwa na Subaru Impreza, alikuwa muumini wa kuruka kama wewe. Gari haigusi wakati wa kupanda, inagusa ikishuka. Pua inatua, springi za mbele zinajibana mpaka mwisho, na injini ya Subaru imelala chini kabisa. Sampo ilipasuka. Alisikia kishindo akaendelea kwa sababu gari ilikuwa inatembea vizuri. Taa nyekundu ya oili ilipowaka akasema atazima akifika. Injini ilishika kabla hajafika.

Daladala zina springi za majani na ziko juu. Usifananishe.

#14 Kirikuu Mweupe
Pole kwa binamu. Ila hapo kilichoua injini ni kuendelea kuendesha taa ikiwa inawaka. Tuta lisisingiziwe lote.

#15 Shemeji wa Kimara
Kweli kabisa, taa ya oili ikiwaka unazima papo hapo. Lakini sampo ilipasukia wapi, mkuu?

#16 Altezza Nyeusi
Kuna kitu mmekiruka. Breki. Wengi wanafika kwenye tuta mguu ukiwa bado umekandamiza breki. Ukikanyaga breki uzito unakwenda mbele, pua inainama, na hapo hapo ndipo unapandisha tairi. Ninavyofanya mimi: napunguza mwendo mapema, breki naiachia kabla tairi la mbele halijagusa tuta, gia ya kwanza, klachi nusu, napanda kwa mafuta kidogo sana. Pua inanyanyuka. Nikishuka vile vile, sikanyagi breki mpaka tairi za nyuma zimalize kushuka. Tangu nianze hivyo bampa langu la mbele limepona.

#17 Bi Mkubwa Sinza
Altezza Nyeusi umesema la maana. Na abiria je? Mkijaza watu wanne na begi la harusi kwenye buti halafu mnalaumu tuta. Mwanangu akinibeba kwenye gari lake, tukifika kwenye lile tuta la karibu na shule nashuka, napanda tena mbele. Sioni aibu.

#18 Mtoza Ushuru
Naomba kusahihisha kidogo post #7. Hiyo sentimita 13 ni ya gari ikiwa mpya na haina watu. Mwana Goba, gari yako imetoka Japani ikiwa imetumika. Umeangalia springi? Vijana wa kule hizi 86 wanazishusha sana. Sheria yao ya ukaguzi inaruhusu mpaka sentimita 9 toka chini, kwa hiyo inaweza kushuka melini imeshushwa kihalali kabisa na wewe ukadhani ndivyo ilivyotoka kiwandani. Chungulia nyuma ya tairi: ukiona springi ina rangi kali, au shokapu ina nyuzi za kuzungusha kama za bolti kubwa, ujue siyo za kiwandani. Hizo za nyuzi ni bahati yako, unazungusha inapanda bila kununua kitu.

#19 Mwana Goba
Mtoza Ushuru, umenifanya nitoke na tochi ya simu usiku huu. Springi ni nyekundu. Shokapu haina nyuzi.

#20 Mtoza Ushuru
Basi ni springi fupi hizo. Tafuta za kiwandani, hata zilizotumika, uone gari itakavyoinuka. Kabla ya hapo msibishane kuhusu pembe.

#21 Spana 14
Hapo Mtoza Ushuru tuko pamoja. Lakini asije mtu akamuuzia spesa, vile vipande vya kuwekea kwenye springi ili gari ipande.

#22 Nairobi Eastlands
Salamu kutoka Nairobi wandugu. Spesa zina ubaya gani? Huku makanika wanaziweka kila siku, gari inapanda inchi moja na maisha yanaendelea. Nina Impreza yenye spesa, matuta ya mtaani kwetu napita bila wasiwasi.

#23 Spana 14
Karibu, ndugu wa Nairobi. Spesa nyembamba iliyotengenezwa vizuri haina neno kubwa. Ninazogombana nazo ni zile za kuchonga kwenye mpira wa tairi la lori au bomba la chuma. Ukiinua sana, drive shafti zinazozungusha tairi zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, buti za mpira zinachanika, grisi inatoka, ndani ya muda mfupi jointi inalia ukikata kona. Na wengi wakishaweka hawaendi kupima alaimenti. Tairi linaliwa upande mmoja, anakuja analalamika kuhusu tairi.

#24 Nairobi Eastlands
Alaimenti nilifanya. Kwa hilo nakubaliana na wewe.

#25 Tanga Raha
Kwa nini asiweke tairi nene tu? Rahisi, na fundi haguswi.

#26 Mhandisi Mchanga
Inawezekana ila faida ni ndogo. Mfano ukitoka 205/55 R16 kwenda 205/60 R16, kipenyo cha tairi kinaongezeka kama sentimita 2, na gari inapanda nusu yake, yaani sentimita 1. Kwa tuta la Mwana Goba hiyo sentimita 1 ndiyo ingetafutwa kama springi zingekuwa za kiwandani, sikatai. Lakini hakikisha halisugui ndani ya fenda ukikata usukani mpaka mwisho.

#27 Msafiri wa Mikumi
Na spidomita itakudanganya. Kwa vipimo hivyo, mshale ukisoma 50 wewe kwa kweli uko kwenye 51 na nusu hivi. Kwa hiyo usiende umegandisha mshale kwenye 50 kamili pale polisi wanapokaa na tochi ya kupima mwendo. Faini ya elfu 30 siyo ya kutoa kwa ajili ya tairi.

Nikiwa hapa hapa: matuta yanayoniumiza ni ya safari. Ukipita Mikumi, barabara inakata katikati ya hifadhi, na kuna matuta kwa ajili ya wanyama. Yale nayaheshimu, nimewahi kuona twiga anavuka mbele ya basi na basi limesimama kwa adabu. Tatizo ni rasta, ile mistari ya kukaribia tuta. Kwenye gari yenye springi ngumu zinakutikisa mpaka vioo. Hizo mnazipitaje?

#28 Altezza Nyeusi
Rasta punguza kabla hujazifikia, halafu acha gari itembee yenyewe. Ukikanyaga breki juu ya rasta tairi linadundadunda, linapoteza mshiko.

#29 Kijana wa Sharjah
Nawasoma toka huku Sharjah, nafanya kazi ya kuosha na kupaka nta magari ya watu. Matuta yapo mengi mitaani, na magari ya chini ndiyo usiseme. Wenye pesa zao wananunua gari yenye kuinua pua kwa kitufe. Porsche 911 mpya zenye mfumo huo zinapanda mbele kama sentimita 4, na kuna ambazo ukishahifadhi sehemu yenye tuta, gari inakumbuka kwa GPS. Kesho ukifika pale inajiinua yenyewe.

Lakini niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Tukizipandisha kwenye lifti kuosha chini, hata hizo zina michirizi kwenye mdomo wa bampa. Mwenye gari husahau kubonyeza. Kuna mmoja nilimwona anaingia kwenye maegesho kwa upande, kama Mwana Goba, na gari yake ina kitufe.

#30 Dada Mwendo
Kijana wa Sharjah, hicho ndicho nilitaka kusikia. Hata wenye Porsche wanapita kwa upande.

#31 Mama Wawili
Naombeni niseme la moyoni. Nimesoma toka juu, wote mnaliona tuta kama adui wa gari. Mtaani kwetu kabla ya tuta mtoto wa darasa la pili aligongwa akivuka kwenda shule. Wazazi tulikaa barabarani siku nzima mpaka viongozi wakaja. Leo wanangu wanavuka na mimi sitetemeki. Kule Ghana, kwenye barabara ya Accra kwenda Kumasi, waliweka rasta pale njia panda ya Suhum, ajali zikapungua kwa karibu asilimia 35 na vifo kwa karibu asilimia 55. Gari yako ikikwangua, vumilia.

#32 Mwana Goba
Mama Wawili, pole sana kwa hilo. Sijasema matuta yaondolewe. Nataka yajengwe kwa vipimo. Tuta la mita 3.7 alilosema Mhandisi linampunguzia mwendo yule wa Noah na yule wa lori, na mimi napita bila kuacha bampa. Hili letu la mita 1.2, yule mwenye gari la juu analiruka na 40 bila shida, anayeumia ni gari ndogo na mgonjwa aliyelazwa kwenye bajaji.

#33 Bi Mkubwa Sinza
Na mjamzito. Usimsahau.

#34 Mtendaji Mstaafu
Hili naomba nilieleze maana nimeishi nalo. Matuta mengi ya aina hiyo mitaani yanajengwa na wananchi wenyewe usiku mmoja, kwa zege lililobaki au udongo na mawe. Mtu kagongwa, watu wana hasira, hakuna anayekumbuka futi. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa na wilaya ni za TARURA, na tuta halitakiwi kuwekwa bila wao. Njia ya kufuata ni kuandika barua kupitia serikali ya mtaa, mkaomba tuta lenye vipimo, rangi na kibao. Ukienda kuomba libomolewe tu, hakuna atakayekusikiliza, na Mama Wawili atakuwa wa kwanza kukusimamisha.

#35 Mama Wawili
Kabisa, mzee wangu. Lakini likijengwa pana na la kupitika vizuri, nitasaini mimi mwenyewe.

#36 Kirikuu Mweupe
Barua hiyo itachukua muda gani?

#37 Mtendaji Mstaafu
Ikiwa na saini za wakazi wengi inasomeka haraka kuliko ya mtu mmoja mwenye gari la michezo.

#38 Spana 14
Turudi kwenye gari. Mwana Goba, kabla hujanunua springi fanya hivi. Changanya chokaa na maji iwe nzito, chukua brashi, lala chini upake kwenye vitu vyote vinavyoning'inia: mdomo wa bampa, kava la plastiki chini ya injini, mabano ya ekzozi, kizingo cha pembeni pale jeki inapokaa. Ikauke. Pita lile tuta moja kwa moja, peke yako. Zunguka, upite kwa upande. Kila ukimaliza unachungulia palipofutika. Hapo utajua kinachogusa ni kitu gani, maana mara nyingi watu wanabadilisha springi nzima wakati kilichoshuka ni ekzozi tu, mpira wake umekatika.

#39 Mwana Goba
Nimefanya, mkuu. Moja kwa moja: chokaa imefutika kwenye mabano ya ekzozi katikati, na kidogo kwenye kava la injini upande wa nyuma. Kwa upande, nimekata sana mpaka nimeingia njia ya pili: ekzozi haikugusa kabisa, lakini kona ya bampa kushoto imefutika chokaa yote.

#40 Dada Mwendo
Kwa upande imeshinda.

#41 Spana 14
Imeshinda wapi? Bampa limegusa. Hapo umehamisha ugonjwa toka tumboni kwenda puani.

#42 Mhandisi Mchanga
Bampa limegusa kushoto kwa sababu umeingia na tairi la kushoto. Angalia mteremko wa barabara. Kama lami inainamia kushoto kwenda mtaroni, upande wa kushoto ndio ulio chini. Jaribu kuanza na tairi la kulia.

#43 Altezza Nyeusi
Au alikuwa amekanyaga breki. Bado nasimama pale pale.

#44 Mtoza Ushuru
Na springi bado ni nyekundu.

#45 Mwana Goba
Wakuu, nawashukuru. Ekzozi nimechungulia, mpira mmoja kweli umelegea, umeshuka kama upana wa kidole. Kesho naanza na huo, halafu nitajaribu kuanza na tairi la kulia kama Mhandisi alivyosema. Springi za kiwandani nimeulizia Ilala, wanataka nichukue seti nzima na shokapu zake. Kuna anayejua wanaouza springi peke yake?

#46 Kijana wa Sharjah
Huku kwenye sehemu za magari yaliyovunjwa zinapatikana. Sema namba ya chasisi nikaulize Ijumaa nikiwa mapumziko.

#47 Spana 14
Usiiandike hapa jukwaani, mtumie faragha. Na za nyuma na za mbele zote, usichukue pea moja.